Mkataba wa Kugawana Maji Uandikwe Kabla ya Kiangazi

Hotuba ya afisa wa maji kwa wakazi



Leo tuzungumzie swali ambalo huibuka mifereji inapokauka: maji yasipotosha, nani apate kwanza?

Kaunti yetu ina kampuni kadhaa za maji. Machakos mjini wana yao, Mavoko wana yao. Bwawa la Maruba huhudumia mji wa Machakos, lakini kuna maji mengine yanayotoka mbali, kwenye chemchemi za Nol-Turesh kule Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Bomba hilo hupitia Kajiado na Makueni kabla ya kutufikia. Sisi tuko mkiani. Likitobolewa njiani, mfereji wako hutoa upepo.

Mnaukumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Wakati kama huo makubaliano ya mdomo huvunjika. Aliye karibu na chanzo huzuia, aliye mbali hulalamika, na mwananchi hununua jerikeni kwa bei atakayotajiwa na mwenye mkokoteni.

Sheria ya Maji ya 2016 inasema matumizi ya nyumbani yatangulie mengine yote. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutoa vibali vya kuchota. Bodi ya WASREB huidhinisha bei na kukagua huduma. Shirika la Tanathi hushughulikia miradi mikubwa ya maji katika eneo letu. Kufikisha maji nyumbani ni jukumu la kaunti kupitia kampuni zake.

Juu ya hayo, kampuni zinazogawana maji zinahitaji mkataba ulioandikwa mvua ikinyesha. Kwanza, kuwe na mita kila mahali maji yanapotoka kampuni moja kwenda nyingine. Bila kipimo ni ubishi tu. Pili, itajwe mapema bwawa likishuka hadi alama gani mgao uanze, isiwe uamuzi wa simu usiku. Tatu, hospitali, shule na vioski vitangulie. Kuosha magari na kumwagilia maua kungoje. Nne, deni kati ya kampuni na kampuni lisiwe sababu ya kuwafungia wananchi maji bila notisi.

Tena, kupunguza sawa kwa sawa si haki kila mara. Mji wenye bwawa na visima unaweza kuvumilia. Mtaa unaotegemea bomba moja hauwezi. Mwenye chanzo kingine apunguziwe zaidi.

Nanyi mna kazi. Ulizeni ratiba ya mgao wa mtaa wenu, nayo ibandikwe mahali pa wazi. Ripotini bomba lililopasuka na anayejiunganishia maji kwa wizi. Kaunti ikiita kikao cha maoni ya umma kuhusu maji, njooni mseme. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tunauona sasa.