Kujenga si Kazi, Kazi ni Kutunza: Makao ya Wanajeshi Wastaafu Yatalipiwa na Nani?

Hii ni hotuba ya afisa wa mipango na bajeti katika Idara ya Afya ya kaunti, aliyoitoa kwenye kikao cha kukusanya maoni ya umma kuhusu pendekezo la kujenga makao ya kuwauguza wanajeshi wastaafu.



Nimeombwa niwaeleze upande wa fedha wa pendekezo lililo mbele yetu: kwamba kaunti ijenge makao ya uuguzi kwa wanajeshi wastaafu wasioweza tena kujihudumia. Haja yenyewe sina ubishi nayo. Wahudumu wetu wa afya ya jamii wanaiona wakipita nyumba hadi nyumba. Kuna mzee aliyepooza upande mmoja, kuna aliyekatwa mguu, kuna asiyekumbuka tena jina la mkewe. Mara nyingi anayemwinua kutoka kitandani ni mke aliye mzee kama yeye, au binti aliyeacha kazi yake mjini. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Tangu mwaka 2022 tuna pia Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Kwa hiyo hatuombi hisani hapa.

Swali langu ni moja tu. Utepe ukishakatwa na wageni wakaenda zao, nani atalipa kesho yake asubuhi, na kila asubuhi baada ya hiyo?

Ili tulijibu vizuri, nawaomba tuangalie nchi ambayo imeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 150, nayo ni Marekani. Siisemi kwa sababu ni tajiri. Naisema kwa sababu huko pia kuna ngazi mbili za serikali kama hapa kwetu. Jeshi ni la serikali kuu, lakini makao mengi ya wanajeshi wastaafu ni mali ya majimbo. Shida yao ya kwanza ilikuwa ile ile tuliyo nayo sisi: askari alipigania nchi nzima, lakini anazeekea kijijini kwao.

Makao ya kwanza ya namna hiyo yalifunguliwa katika jimbo la Connecticut mwaka 1864, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea. Majimbo mengine yakafuata, na yote yakajikuta yanabeba mzigo wa jeshi ambalo si lao. Mwaka 1888 Bunge la Marekani likakubali kuyalipa majimbo dola 100 kwa mwaka kwa kila askari aliyetunzwa. Pesa hizo hazikutosha, lakini zilianzisha kanuni ambayo haijafutwa hadi leo: anayemtuma askari vitani na anayemtunza uzeeni wanachangia gharama, kila mmoja kwa kiwango kilichoandikwa. Leo makao hayo yamezidi 150, na yako katika majimbo yote 50 na Puerto Rico.

Sasa tazameni jinsi wanavyogawana. Katika ujenzi, serikali kuu hutoa hadi asilimia 65 ya gharama, na jimbo hutoa asilimia 35 au zaidi. Lakini jimbo halipewi fedha kwa ahadi. Maombi hupangwa kwenye orodha kila mwaka, na yale ambayo jimbo limeshatenga fedha za sehemu yake ndiyo hutangulia. Tena, jimbo likijenga kwa fedha hizo kisha likaacha kuyaendesha makao, au likayageuza kuwa kitu kingine kabla ya miaka 20 kwisha, serikali kuu ina haki ya kudai fedha zake. Vilevile, angalau asilimia 75 ya wanaoishi humo lazima wawe wanajeshi wastaafu. Nafasi zinazobaki ni za wake au waume wao, na wazazi ambao watoto wao wote walifariki wakiwa jeshini.

Uendeshaji ni hesabu nyingine. Serikali kuu hulilipa jimbo kwa kila mzee, kwa kila siku aliyotunzwa. Kwa wengi wao hulipa kiwango kinachopangwa kila mwaka, au nusu ya gharama halisi ya siku hiyo, kile kilicho kidogo. Kwa mzee ambaye ulemavu wake umetokana na utumishi wa jeshi na umekadiriwa kuwa asilimia 70 au zaidi, sheria ya mwaka 2006 ilielekeza gharama yote ilipwe na serikali kuu. Sehemu inayobaki kwa wale wengine hutoka kwa mzee mwenyewe kulingana na pensheni yake, kwa mipango ya matibabu, na kwa hazina ya jimbo.

Nawaomba mlishike neno hilo, kila siku. Ruzuku ya ujenzi huja mara moja. Malipo ya siku huja siku ambayo kitanda kina mtu. Kitanda kikikaa kitupu hakiingizi chochote, ilhali umeme wa jengo, mlinzi na mpishi wanalipwa vilevile. Mzee akilazwa hospitalini, malipo huendelea kwa siku chache tu, na kwa sharti kwamba asilimia 90 ya vitanda vina watu. Kwa hiyo makao yakikosa wauguzi hufunga vitanda, yakifunga vitanda hukosa mapato, na yakikosa mapato hushindwa kuajiri wauguzi. Kutoka katika mzunguko huo ni kazi ngumu.

Wauguzi wanaohitajika ni wangapi? Kanuni ya Marekani inadai kila mzee apate angalau saa 2 na nusu za uuguzi katika kila saa 24, siku 7 za wiki. Tupige hesabu yetu wenyewe kwa makao madogo ya vitanda 40. Saa 2 na nusu mara 40 ni saa 100 kwa siku. Kwa wiki ni saa 700. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki atakuwa mmoja kati ya 18, na hiyo ni kabla hujahesabu likizo ya mwaka, likizo ya uzazi, ugonjwa na mafunzo. Hujaweka mpishi, dobi, msafishaji, dereva, mlinzi, wala mtaalamu wa kunyoosha viungo. Na kiwango hicho ndicho cha chini kabisa. Mzee asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, la sivyo mwili unatoa vidonda vya kulalia. Jengo zuri halimgeuzi mtu. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Hapa ndipo sheria zetu za fedha zinapotubana, na ningependa kila mwananchi alielewe jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti itumie angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Jengo ni maendeleo, kwa hiyo fedha za jengo tunaweza kuzitafuta. Lakini kanuni za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na kaunti nyingi nchini zimekwisha kuvuka kiwango hicho. Muuguzi si maendeleo katika vitabu vyetu. Muuguzi ni mshahara. Maana yake ni kwamba sheria inatufungulia mlango wa kujenga na kutupunguzia nafasi ya kuajiri. Mmeshaona zahanati zilizomalizika na kupakwa rangi, lakini zikabaki na kufuli mlangoni. Hiyo ndiyo sababu mojawapo.

Msidhani kwamba utajiri peke yake hulitatua tatizo hili. Katika jimbo la Massachusetts kuna makao ya wanajeshi wastaafu katika mji wa Holyoke, yaliyofunguliwa mwaka 1952. Korona ilipoingia mwaka 2020, wafanyakazi walikuwa wachache. Tarehe 27 Machi wadi mbili za wazee wenye ugonjwa wa kusahau ziliunganishwa kuwa moja, wagonjwa na wazima pamoja. Wazee wasiopungua 76 walifariki kwa ugonjwa huo. Uchunguzi huru ulioagizwa na gavana ulieleza makosa mengi katika uongozi, na ukaonyesha kwamba mkuu wa makao hakuwa na leseni ya kuendesha makao ya uuguzi. Mwaka 2022 jimbo lilikubali kuzilipa familia fidia ya dola milioni 56.

Serikali kuu ilikuwa ikituma wakaguzi. Lakini kwa mujibu wa kanuni, serikali kuu hukagua na kulipa, haina mamlaka ya kuyaendesha makao. Jimbo ndilo lenye nyumba. Baada ya msiba ule Massachusetts ilibadilisha sheria: mkuu wa makao lazima awe na leseni ya kazi hiyo, na masuala ya wanajeshi wastaafu yakapewa wizara yake. Mabadiliko hayo ni mazuri, ila yamekuja baada ya mazishi. Sisi tunaweza kuyaandika kabla.

Turudi kwetu. Katika Jedwali la Nne la Katiba, ulinzi wa taifa ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na vituo vya afya vya kaunti ni kazi yetu. Mwanajeshi mstaafu aliye mgonjwa anasimama katikati kabisa ya mstari huo. Nairobi inaweza kusema ni mgonjwa, basi ni wa kaunti. Kaunti inaweza kusema ni askari, basi ni wa Nairobi. Wakati ngazi mbili zinatazamana, yule binti anaendelea kumwinua baba yake peke yake.

Katiba haikutuacha bila njia. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi ihamishwe kutoka ngazi moja ya serikali hadi nyingine kwa makubaliano, na kinataka fedha za kuifanya kazi hiyo zifuate. Kifungu cha 202 kinaruhusu kaunti ipewe mgao wa ziada kutoka fungu la Serikali ya Kitaifa, wenye masharti au usio na masharti. Milango ipo. Inataka mtu wa kubisha.

Kwa hiyo idara yetu inapendekeza mambo manne, na ndiyo tunayotaka maoni yenu.

Kwanza, jiwe la msingi lisiwekwe kabla mkataba wa uendeshaji haujatiwa sahihi na ngazi zote mbili. Mkataba utaje kiasi kwa kila mzee kwa kila siku, utaje tarehe ya kulipa, na useme nini kitafanyika malipo yakichelewa. Kila mwenye duka la dawa hapa anajua fedha za serikali zinavyoweza kuchelewa. Wazee hawawezi kula deni.

Pili, tujue idadi kwanza. Wahudumu wa afya ya jamii waandikishe wanajeshi wastaafu katika kila kijiji, pamoja na hali zao: anayeweza kutembea, anayehitaji msaada wa mchana, asiyeweza kuachwa peke yake. Bila orodha hiyo hatujui kama tunahitaji vitanda 20 au 200. Tafadhali msimfiche mzee wenu kwa kuona haya.

Tatu, tuanze na kidogo tunachoweza kukilipia. Mpango wa Marekani una pia huduma ya mchana: mzee anachukuliwa asubuhi, anapewa dawa, chakula na mazoezi, na jioni anarudi kwake. Huduma hiyo inahitaji wafanyakazi wachache kuliko makao ya kulala, na inampa nafuu anayemtunza nyumbani. Tunaweza kuianza katika hospitali ya kaunti ndogo iliyopo, huku tukitenga wadi moja kwa wale walio katika hali mbaya zaidi.

Nne, uongozi. Mkuu wa makao awe mtu mwenye taaluma na leseni ya afya, aajiriwe kwa ushindani, na taarifa za ukaguzi zisomwe hadharani mbele ya kamati ambayo ndani yake wamo wanajeshi wastaafu na familia zao.

Kalenda ya bajeti haitusubiri. Taarifa ya mwelekeo wa fedha ya kaunti hupelekwa Bunge la Kaunti ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Jambo lisiloandikwa humo halitakuwa na fedha tarehe 1 Julai. Kwa hiyo maoni yenu yaandikeni, na yaleteni kwa msimamizi wa wadi au katika ofisi ya kaunti ndogo. Mkipita kwa mwakilishi wenu, msimwulize tu kama jengo litajengwa. Mwulizeni fungu la mishahara ya wauguzi 18 liko ukurasa gani.

Waliovaa sare za nchi hii hawakuwekewa kikomo cha siku walizotakiwa kuilinda. Kama tutawaahidi kitanda, tuwaahidi pia mtu wa kuwageuza usiku wa manane. Kama hatuwezi kuahidi la pili, tusiharakie la kwanza.