Upepo Unaoachwa Nyuma na Ndege Kubwa

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: KISULISULI. Ki-su-li-su-li. Lisomeni kwa pamoja mara mbili, nami nitangoja.

Vyema. Kila mmoja wetu amekwisha kukiona kisulisuli. Ni upepo ule unaozunguka kama pia, ukainua vumbi na majani makavu, na pengine kanga uliyoianika. Leo nataka kuwaeleza habari za kisulisuli kisichoonekana. Hicho hutengenezwa na ndege kubwa, nacho kimekwisha kuangusha ndege ndogo pamoja na watu waliokuwamo.

Bila shaka yuko atakayeuliza, "Mambo ya marubani yatuhusu nini sisi?" Nami niliwahi kufikiri hivyo. Siku moja nilikuwa Dar es Salaam, nasafiri kwenda Unguja kwa ndege ndogo ya abiria 12. Tulikwisha kufika mwanzo wa njia ya kurukia, injini yanguruma, jua kali. Mbele yetu ndege kubwa ya jeti ikaruka ikaenda zake. Njia ikawa tupu. Lakini rubani wetu akakaa tu. Dakika ya kwanza ikapita. Bwana mmoja nyuma yangu akaanza kusema kwa sauti kwamba rubani amelala. Naona aibu kusema, lakini mimi nami nikamwunga mkono. Rubani, kijana mpole, hakugeuka hata kidogo. Tulipofika Unguja nikamwuliza, "Ulikuwa ukingoja nini?" Akanijibu, "Nilikuwa nangoja hewa itulie, bwana."

Basi tuanze na bawa. Ndege inapokwenda mbio, hewa iliyo chini ya bawa husukuma kwa nguvu zaidi kuliko hewa iliyo juu yake. Tofauti hiyo ndiyo inayoibeba ndege. Lakini kwenye ncha ya bawa hakuna ukuta. Hewa ya chini hupata mlango pale, ikapanda juu kwa kuizunguka ncha. Na kwa kuwa ndege yenyewe inakwenda mbele, hewa hiyo inayozunguka huachwa nyuma, imejisokota kama kamba. Bawa la kulia huacha kamba yake, na la kushoto huacha yake. Katikati ya kamba hizo mbili hewa hushuka kwa nguvu. Nje yake, pande zote mbili, hewa hupanda.

Wavuvi watanielewa upesi. Meli inapita, nawe uko katika ngalawa. Meli imekwisha kwenda, unadhani mambo yamekwisha, kumbe mawimbi yake ndiyo kwanza yanakuja. Lakini mvuvi huyaona mawimbi. Rubani haoni kitu.

Ndege ndogo ikiingia ndani ya kisulisuli hicho, bawa lake moja husukumwa chini na jingine juu, nayo hulala ubavu au hupinduka kabisa. Rubani hukata usukani upande wa pili, lakini nguvu ya kisulisuli yaweza kuishinda nguvu ya usukani. Akiwa juu sana, anayo nafasi ya kujirekebisha. Akiwa karibu na ardhi, hana.

Ndege ikiwa nzito, kisulisuli chake huwa kikali. Tena huwa kikali zaidi inapokwenda polepole, yaani wakati wa kuruka na wakati wa kutua, mahali pale pale ambapo ndege ndogo nazo hupita. Visulisuli hivyo havikai palipozaliwa. Hushuka, futi mia kadha kwa dakika, mpaka vikawa chini ya njia ya ndege kubwa. Vikikaribia ardhi, hutambaa, kimoja kulia na kingine kushoto. Hapa pana jambo ambalo wengi hulifikiri kinyume: siku ya upepo mkali si mbaya sana, kwa sababu upepo huvivunja upesi. Siku ya kuogopa ni ile ya upepo mwanana. Upepo mdogo wa ubavuni waweza kukizuia kisulisuli kimoja kisitambae, kikabaki juu ya njia ya kutulia.

Tarehe 15 Desemba 1993, huko Santa Ana katika jimbo la California, Marekani, ndege ndogo ya jeti ilikuwa ikija kutua jioni nyuma ya Boeing 757. Ilikuwa nyuma yake kwa kama maili 2 tu, tena chini ya njia yake kwa kama futi 400. Mmekwisha kujua visulisuli huelekea wapi. Ndege ile ilipinduka ikaanguka, na watu wote 5 waliokuwamo wakafa. Wakati huo Boeing 757 haikuhesabiwa katika kundi la ndege nzito, kwa hiyo nafasi iliyotakiwa nyuma yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1994 Wamarekani waliiongeza nafasi hiyo.

Wala si wakati wa kutua peke yake. Tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabu, ndege ndogo ya jeti iliyotoka Maldivi kwenda Abu Dhabi ilipita futi 1,000 chini ya Airbus A380 iliyokuwa ikija upande wa pili. Muda mfupi baadaye ikabingirika mara kadha na kushuka kwa maelfu ya futi. Baadhi ya waliokuwamo waliumia. Marubani waliweza kuishika tena, wakatua Maskati, na hakuna aliyekufa.

Je, rubani afanye nini? Akitua nyuma ya ndege kubwa, na abaki juu ya njia iliyopita ndege hiyo, atazame magurudumu yake yamegusa wapi, naye aguse mbele ya hapo. Ama sivyo, angoje. Kanuni za kimataifa zasema ndege isiyozidi kilo 7,000, ikitua nyuma ya ndege ya kilo 136,000 au zaidi, ingoje dakika 3. Ikiruka nyuma yake kutoka mahali pale pale, dakika 2. Rubani wangu alikuwa akizihesabu hizo, nasi nyuma twamnung'unikia.

Sasa, mwalimu wa darasa, leta bakuli la maji na kijiko. Nyunyiza unga kidogo juu ya maji. Mwanafunzi mmoja akitie kijiko hicho nusu, akikokote taratibu kidogo, kisha akitoe. Tazameni unga. Mtaona visulisuli viwili vidogo, kila kimoja upande wake, vyazunguka wakati kijiko hakimo tena majini. Hesabuni kwa sauti mpaka vitulie, na kila mtu aandike hesabu yake katika daftari.

Kwa herini.