Karomo wa Malagarasi: Tusile Mtaji

Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka



Tumepokea ombi la vijana wa nyumbani tuwachangie mabwawa ya samaki. Tunaliunga mkono. Ila kabla hatujatoa fedha, tumzungumzie samaki tuliyenaye tayari.

Karomo ni perege wa bonde la Malagarasi, hana kwao pengine duniani. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1948. Leo IUCN imemweka katika kundi la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Dume hutengeneza kiota chini ya maji, jike hutaga, kisha huokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Kwa hiyo kokoro likimzoa jike mmoja, limezoa na watoto wake.

Wapo watakaosema: karomo yuko huko chini kwenye maeneo oevu, sisi tuko milimani. Ni kweli. Lakini maji yanayokwenda huko yanapita kwetu, na tope la mashamba yetu linakwenda nayo. Maeneo oevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Sato wa kufugwa naye akitoroka bwawani wakati wa masika, anaweza kuzaliana na perege wa asili, mbegu ikachanganyika. Jambo hilo limeshaonekana katika maji mengine ya Tanzania. Mbegu ikishapotea hainunuliki.

Kwa hiyo tunapendekeza fedha za mabwawa zitoke kwa masharti matatu. Kwanza, yachimbwe mbali na mito na mabondeni panapofurika, na njia za maji ziwekewe wavu. Pili, aina ya samaki iidhinishwe na ofisa uvuvi wa wilaya kabla ya kununua vifaranga. Tatu, kila kikundi kipande miti kandokando ya mto na kuacha mita 60 bila kulima, kama inavyotaka Sheria ya Mazingira ya 2004.

Masharti haya yataongeza gharama, hatuwafichi. Lakini katika hesabu, anayekula mtaji mwaka huu hana faida ya kugawa mwakani.

Karibuni tuchangie.