Pari ya ku blockchain: nani anakula katikati?
(Maneno yaliyosemwa ku mkutano wetu wa Nyawera)



Vijana wanasema pari ya ku blockchain haina bwana, basi hakuna mtu wa kukata. Bwana hayuko, kweli. Lakini makato iko.

Tuhesabu. Timu mbili za nguvu sawa, cote 1.90 kila upande. Weka dola 10 huku, dola 10 kule. Umetoa 20, unarudishiwa 19. Ile dola moja haiandikwe fasi yoyote, iko ndani ya cote.

Halafu mtandao wenyewe. Kuweka pari, kutosha feza, kila mara unalipa wenye kompyuta zinazoandika lile daftari, ushinde usishinde. Na malipo hayo haifuate ukubwa wa pari yako. Inapanda wakati batu ni wengi. Augur ilifunguliwa 2018 ku Ethereum. Siku Ethereum ilijaa, mwenye dola 5 aliweza kulipa njia kuliko pari yake.

Na yule wa kukubadilishia dola ya mkononi iingie ku simu? Anakula ku kuingia, anakula ku kutoka.

Mimi niliingiza dola 20, sehemu yangu ya AVEC, ile ya kuanzia biashara kisha kurudi. Nilishinda mara mbili. Nikatosha 17. Bibi yangu aliuliza, nikanyamaza.

Jumamosi mtunza feza atakuja na kalamu. Kijana mwenye pari alete simu yake, tuhesabu naye. Hakuna atakayemfokea.