Nchi Jirani: Mashine Zinazokula Umeme wa Wananchi

Mwezi Agosti 2025, Shirika la Polisi la Kimataifa, Interpol, lilitangaza matokeo ya operesheni iliyofanywa na polisi wa nchi 18 za Afrika pamoja na wenzao wa Uingereza. Operesheni hiyo ilidumu miezi mitatu na ilipewa jina la Serengeti. Watu 1,209 walikamatwa kwa makosa yanayotendwa kwa njia ya kompyuta. Katika orodha hiyo ndefu, ilikuwamo habari moja kutoka Angola ambayo kila askari anapaswa kuitafakari.

Nchini Angola polisi walivunja vituo 25 vya kuchimba sarafu za kompyuta, vilivyokuwa vikiendeshwa na raia 60 wa China. Hapakuwa na shimo wala sururu. Kilichokuwapo ni mashine, feni na nyaya, pamoja na vituo 45 vya umeme visivyo halali. Vifaa vilivyotwaliwa vilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 37 za Marekani, na Serikali ya Angola ikaamua vitumike kusaidia kusambaza umeme katika maeneo ya wananchi wanyonge.

Angola haipakani na Tanzania, lakini ni jirani wa majirani. Inapakana na Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ni mwanachama wa SADC. Jambo linalozuka Luanda leo laweza kuonekana Lusaka kesho, na Mbeya keshokutwa. Kwa hiyo inafaa kuuliza: mashine hizo ni kitu gani, zinafanya nini, na kwa nini zimeifikisha nchi ya kindugu mahali pa kutunga sheria ya kuwafunga wenye nazo?

Sarafu iitwayo Bitcoin ilianza mwaka 2009. Haina noti, haina benki kuu, wala haina serikali inayoidhamini. Daftari la malipo yake hutunzwa na kompyuta nyingi zilizotapakaa duniani. Kila baada ya dakika 10 hivi, mashine hushindana kubahatisha namba fulani, na ile inayoipata kwanza ndiyo inayoandika ukurasa mpya wa daftari. Mwenye mashine hiyo hupewa sarafu mpya kuwa ujira wake. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa uchimbaji.

Ujira huo hupunguzwa nusu kila baada ya miaka 4 hivi. Mwezi Aprili 2024 ulishuka kutoka sarafu 6.25 hadi 3.125 kwa ukurasa. Maana yake ni kwamba sarafu mpya zinazotolewa kwa siku, kwa wachimbaji wa dunia nzima, ni kama 450 tu. Wachimbaji wakiongezeka, sarafu haziongezeki, kwani kila baada ya wiki mbili hivi mtandao huifanya kazi kuwa ngumu zaidi. Sinia ni lile lile, mikono ndiyo inayoongezeka.

Hapa ndipo hesabu ya mtu wa kawaida inapoharibika. Chukua mfano wa mtumishi aliyenunua mashine moja aina ya Antminer S19 na kuiweka nyumbani kwake. Mashine hiyo hula kilowati 3.25, sawa na pasi tatu zilizowashwa mchana na usiku bila kupumzika. Kwa siku moja itakula uniti 78 za umeme. Mtumiaji mdogo wa nyumbani nchini Tanzania, yule anayepewa bei nafuu, hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi mzima. Mashine moja, kwa siku moja, imekwisha kuvuka kiwango cha familia kwa siku thelathini.

Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, ambayo ni kama Shilingi 350 kwa uniti, umeme huo utamgharimu zaidi ya Shilingi 27,000 kwa siku, yaani zaidi ya Shilingi 800,000 kwa mwezi. Je, atapata nini? Mwaka 2025 nguvu ya wachimbaji wote duniani ilifikia kiasi ambacho mashine ya namna hiyo ni sehemu moja tu katika zaidi ya milioni kumi. Hata kama Bitcoin moja itauzwa kwa dola 100,000, gawio lake kwa siku litakuwa kama dola 4 na senti 30, kabla ya kulipa ada ya ushirika wa wachimbaji. Umeme wake utakuwa umemla kama dola 11. Kila jua linapochwa, mtu huyo amepoteza zaidi ya dola 6, na bado hajarudisha hata senti moja ya bei ya mashine.

Aidha, mashine hiyo haina kazi nyingine. Haiwezi kuandika barua wala kupiga hesabu za duka. Siku inaposhindwa kulipia umeme wake, imekuwa chuma chakavu. Mashine iliyotumika huuzwa rahisi si kwa sababu muuzaji ana moyo wa huruma, bali kwa sababu yeye amekwisha kupiga hesabu. Tena kelele zake hufika desibeli 75, na joto lake halizimiki. Nyaya za nyumba ya kawaida, zilizowekwa kwa ajili ya taa, redio na jokofu, hazikukusudiwa kubeba mzigo huo saa 24. Kinachoanza kwa tamaa ya faida kinaweza kumalizika kwa moto.

Kwa kuwa hesabu hiyo haina faida, mchimbaji mwenye tamaa hubakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuufanya umeme uwe wa bure, yaani kuuiba. Ya pili ni kuitafuta faida katika mifuko ya watu wengine badala ya mashine. Njia zote mbili zimekwisha kupita katika nchi jirani.

Habari ya Angola inaonyesha njia ya kwanza. Mwaka 2021 China ilipiga marufuku uchimbaji wa sarafu hizi, na mashine nyingi zikasafirishwa kwenda kutafuta umeme rahisi kwingineko. Angola ina mto Kwanza, na juu ya mto huo lipo bwawa la Laúca lenye uwezo wa megawati 2,070. Lakini karibu nusu ya wananchi wa Angola bado hawajafikiwa na umeme. Wakati mama wa kijijini anawasha kibatari ili mtoto asome, mitambo ya wageni ilikuwa ikiguguma usiku kucha kutafuta namba. Ndiyo sababu mwezi Aprili 2024 Angola ilianza kutumia sheria inayokataza kabisa uchimbaji huo, na adhabu zake ni kifungo kati ya mwaka 1 na miaka 12.

Njia ya pili ni ile ya kukodisha. Mwananchi huambiwa kwamba hana haja ya kununua mashine, kuvumilia kelele wala kulipa bili. Alipe tu fungu la mashine iliyopo nchi ya mbali, na kila siku atahesabiwa faida katika simu yake. Ni kweli kwamba zipo ghala za halali ambamo mwenye mashine huiweka mashine yake na kulipia umeme na uangalizi. Lakini kati ya mwenye ghala na tapeli, mwananchi aliyeko Tabora hana macho ya kuwatofautisha. Anachokiona ni namba katika simu, na namba huandikwa na yeyote.

Mfano unaojulikana ni BitClub Network. Tangu mwaka 2014 hadi 2019 kundi hilo lilikusanya, kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa nchini Marekani, angalau dola milioni 722 kutoka kwa watu wa nchi nyingi, likiwauzia hisa katika mashine za kuchimba sarafu. Mmoja wa washitakiwa alikiri mahakamani mwaka 2020 kwamba takwimu za mapato walizoonyeshwa wanachama zilikuwa zikibadilishwa.

Zambia, ambayo ni jirani wa mlango kwa mlango, imeonja uchungu wa jamaa wa utapeli huo. Katika operesheni ile ile ya mwaka 2025, polisi wa Zambia waligundua mpango wa uwongo wa uwekezaji katika sarafu za kompyuta. Waathirika walikuwa watu 65,000, na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 300. Wengi walivutwa kwa matangazo ya faida kubwa, wakaelekezwa kuingiza programu katika simu zao, wakatuma fedha. Watu 15 walikamatwa. Kukamatwa kwa watu 15 ni kazi nzuri ya polisi, lakini hakurudishi ada ya shule ya watoto wa watu 65,000.

Ndugu wasikilizaji, askari na polisi wana sababu ya pekee ya kuisikia habari hii kwa makini. Askari ana mshahara unaofika kila mwezi, ana mkopo wa ushirika, na mwisho wa utumishi ana kiinua mgongo. Tapeli anajua tarehe hizo zote. Zaidi ya hayo, askari amefundishwa kumwamini mwenzake, kwani katika hatari uhai wake umo mikononi mwa mwenzake. Imani hiyo ni silaha ya jeshi. Lakini ikiingia katika biashara ya namna hii huwa ndio mlango wa mwizi. Mmoja akijiunga huleta wawili, na wawili huleta kikosi. Na pale mwenye cheo anapowashawishi walio chini yake, neno lake husikika kama amri. Mkubwa wa namna hiyo, hata kama naye amedanganywa, atakuwa ameitia kambi katika madeni na chuki.

Hata hivyo haki lazima itendeke kwa mashine pia. Nchini Kongo, katika Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 huko Luviro, kwa kutumia maporomoko ya maji. Wakati huo watalii walikuwa wametoweka kwa sababu ya vita na ugonjwa wa Korona, na umeme wa kituo kile kipya ulikuwa haujapata wanunuzi wa kutosha. Mapato yakasaidia hifadhi ambayo zaidi ya walinzi wake 200 wameuawa kazini katika miongo iliyopita. Kadhalika kaskazini-magharibi mwa Zambia, katika kituo kidogo cha Zengamina kwenye mto Zambezi, kampuni ya Gridless ya Kenya iliweka mashine zake ili zinunue umeme uliokuwa ukikosa mnunuzi, na fedha hizo zikasaidia kukiendesha kituo kinachowahudumia wanavijiji.

Tofauti kati ya Luviro na vile vituo 25 vya Angola haimo katika mashine. Kule ulitumika umeme uliozidi, kwa mkataba unaojulikana, na faida ikaonekana kwa umma. Huku ulitumika umeme unaogombewa na hospitali, viwanda na nyumba, na faida ikasafiri na wageni. Hicho ndicho kipimo: umeme ni wa nani, na anayebeba hasara ni nani.

Nchini Tanzania, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba fedha halali ya nchi ni Shilingi. Baadaye Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaowaambia wananchi kwamba kwa kuwa Serikali inatoza kodi, basi inaidhamini biashara hii. Huo ni uwongo. Kutoza kodi si kudhamini. Anayepoteza fedha zake katika sarafu hizi hatalipwa na Hazina.

Kwa polisi aliye zamu, alama zake si ngumu kuzitambua: nyumba isiyo na kiwanda lakini inanguruma usiku na mchana, madirisha yaliyozibwa huku feni kubwa zikitoa upepo wa moto, transfoma inayoungua mara kwa mara mtaa ule ule, na waya unaopita kando ya mita. Mbele ya mahakama, waya huo na kumbukumbu za mita ni ushahidi mzito kuliko mashine yenyewe. Kuwa na kompyuta si kuiba, na asiyeiba asibughudhiwe. Lakini anayeuhujumu umeme wa umma hawezi kujificha nyuma ya neno jipya. Wizi ni wizi, hata ukivishwa vazi la elimu ya kompyuta.

Na kwa askari ambaye jioni hii ameletewa habari ya mashine ya kununua au fungu la kukodi, ushauri ni mfupi. Achukue karatasi, aandike uniti za umeme, bei ya uniti na sehemu yake katika sarafu 450 za dunia nzima. Kama aliyemletea habari hawezi kuzijaza namba hizo, au anaanza kwa kumwomba awalete rafiki zake, basi amekwisha kujibiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Zambia watu 65,000 wamelisoma daftari hilo baada ya fedha kwisha. Jirani aliyenyolewa amewapa wengine nafasi ya kulisoma mapema.