MUZIKI WETU NI UPI?
Marufuku Haijengi Utamaduni

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mwenezi wa chama katika mkutano wa wanachama wa Ilomba, Mbeya.)

 

Nimepewa jambo moja la kulizungumza, nalo ni muziki. Najua wako watakaouliza: chama kina shughuli gani na muziki, wakati bei ya mbolea inatuumiza vichwa? Jawabu langu ni fupi. Watu wasiojua wanaimba nini hawajui pia wanasema nini. Tena hapa kwetu jambo hili limekwisha zusha ubishi. Baadhi ya wazee wamesema kwamba Bongo Fleva ni kasumba ya Wazungu, na ipigwe marufuku katika mikutano yetu. Vijana nao wamejibu kwamba muziki huo ukitoka, nao watatoka. Ubishi wa namna hii hauna budi kuamuliwa kwa hoja, wala si kwa kelele.

HOJA YA WAZEE

Ndugu wanachama, hoja ya wazee si ndogo. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba shuleni tulifundishwa nyimbo za Wazungu, wala hatukufundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Kwamba wengi walijua kucheza rumba na twist, lakini hata jina la kiduo au gombesugu hawakulisikia. Ubaya mkubwa wa mkoloni haukuwa kuchukua ardhi peke yake. Ulikuwa kumfanya Mwafrika aone haya kwa kile alichorithi kwa babu yake.

Lakini tutazame pia dawa iliyojaribiwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969, kupinga sketi fupi na nywele za bandia. Mwaka huo huo wa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Je, mlango ulifungika? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa vijana wale wale walikuwa wakiimba rap ya Marekani. Marufuku huweza kumnyamazisha mtu hadharani. Haiwezi kumpa wimbo wa kuimba.

MGENI HUFANYWA MWENYEJI

Wazee wangu, naomba tukumbuke mambo ambayo ninyi mnayajua kuliko mimi. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa mwambao wa Lamu na Mombasa waliziona bendi za askari wa kigeni, wakaziiga, ikazaliwa beni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma hiyo ilienea bara. Wenzetu wa Ziwa Nyasa hawakuwa na fedha za kununua tarumbeta za shaba, basi wakatengeneza zao kwa vibuyu, wakapata mganda. Leo mganda ukichezwa, nani kati yetu husema ni ngoma ya Wazungu? Tunasema ni ngoma ya asili, na tunasema kweli, kwa sababu wenyewe waliifanya yao.

Hali ni hiyo hiyo kwa muziki wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Mwaka uliofuata zilianza kutolewa santuri zenye alama ya GV, zilizoleta Afrika muziki wa Kuba. Na rumba ya Kuba ilitoka wapi? Ilitoka kwa wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Ilikuwa kama mtoto aliyepotea akirudi nyumbani amevaa kofia ya ugenini. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz, ambayo ndiyo mama wa Msondo Ngoma. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda hadi Osaka, Japani, kupiga katika Maonyesho ya Dunia. Na jirani zetu wa Iringa walikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Gitaa lilikuwa la kigeni, lakini maneno, mafumbo na malalamiko ya mapenzi yalikuwa yetu.

Mimi nimesomea ualimu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto kwanza huiga, kisha hutunga. Kuiga si dhambi. Dhambi ni kubaki darasa la kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabri aliichukua rap ya Kimarekani akaitia Kiswahili. Ile ilikuwa hatua ya kuiga. Kisha akaja kijana wa hapa kwetu Mbeya, Joseph Mbilinyi, mwenye jina la Mr. II au Sugu. Mwaka 1998 aliimba Hali Halisi, akizungumza habari za maisha ya Mtanzania wa kawaida. Kijana huyo alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010 hadi 2020. Mtu aweza kukubaliana na siasa zake au asikubaliane, lakini hawezi kusema kwamba muziki ule ulikuwa mchezo wa watoto. Na Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, mwaka 2021 alisimama Budapest pamoja na Maluma wa Kolombia katika tuzo za MTV za Ulaya, na dunia ikasikia neno la Kiswahili, tetema.

SOMO LA KOREA

Vijana wetu wengi siku hizi hufuata muziki wa Korea Kusini. Yafaa tuijue habari yake. Vita vya 1950 hadi 1953 viliiacha nchi ile magofu, na wanamuziki wake wengi wakapata mkate kwa kuwaimbia askari wa Marekani kambini, kwa mtindo wa Marekani. Mwaka 1975 serikali ya Park Chung Hee ilipiga marufuku nyimbo nyingi. Mwaka 1992 Seo Taiji na wenzake wakaichanganya rap na lugha ya Kikorea. Mwaka 1998 serikali ilianza kuufungulia mlango utamaduni wa Japani, taifa lililowatawala, na mwaka 1999 ikapitisha sheria ya kuendeleza kazi za utamaduni kama tunavyoendeleza viwanda. Waliufungua mlango huku wakijenga nyumba. Mwaka 2012 wimbo wa Psy ulikuwa wa kwanza kutazamwa mara bilioni moja katika YouTube.

Hata hivyo, ubishi wetu wa Ilomba uko kwao pia. Mwaka 2020 kikundi cha BTS kilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo wa Kiingereza, Dynamite. Wakorea wengine wakauliza: huu ni wetu bado? Kabla mwaka haujaisha, kikundi hicho hicho kikashika nafasi ile ile kwa wimbo ulioimbwa zaidi Kikorea, Life Goes On. Jawabu lilitolewa kwa kazi.

Tusije tukadhani kwamba huko ni peponi. Mwaka 2009 waimbaji watatu wa TVXQ walikwenda mahakamani kuipinga kampuni yao kwa mkataba wa miaka 13. Mwaka huo mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ikatoa mfano wa mkataba usiozidi miaka saba. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

HATARI ILIPO

Ndugu zangu, mnyonyaji wa leo haji na bunduki, wala hajali kijana anaimba kiduo au amapiano ya Afrika Kusini. Yeye hutazama nani ameandikwa mwenye mali. Kijana atatunga usiku kucha, kisha atie sahihi karatasi ya Kiingereza asiyoisoma, na kesho wimbo si wake. Mirabaha inakwenda kwa mwingine. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo, lakini sheria isiyojulikana na mwenye haki ni kama jembe lililofungiwa ghalani.

Na urithi wa wazee uko katika hatari hiyo hiyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa sauti, miongoni mwake ligombo la Wahehe. Sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini. Namshukuru aliyezihifadhi. Lakini ni aibu kwamba simu ya kunasa sauti imo mfukoni mwa kila kijana, na bado mzee anazikwa na nyimbo zake.

MAAZIMIO

Kwa hiyo naomba mkutano huu uazimie mambo manne.

Kwanza, tusipige marufuku muziki wa vijana. Matusi tuyakatae, yawe katika Bongo Fleva au katika ngoma ya kilabuni.

Pili, kila mkutano wetu uwe na ngoma ya wazee na wimbo wa vijana, na vijana wenye vifaa wawanase wazee kwa ridhaa yao, jina la mzee na la kijiji chake yakiandikwa.

Tatu, walimu walio wanachama wakae na kila kijana mwenye mkataba, wamsomee neno kwa neno kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi.

Nne, na hili latugusa sisi wenyewe: chama kisitumie wimbo wa kijana yeyote katika mkutano au kampeni bila ruhusa yake na bila kumlipa. Hatuwezi kumlaani mnyonyaji wa mbali huku tukila jasho la mtoto wa jirani.

Wazee, ninyi mnao urithi. Vijana, ninyi mnazo nguvu na vyombo. Mkigombana, atakayecheka ni mwenye karatasi ya mkataba. Mkishikana, kijana wa Ilomba ataimba kwa mdundo wowote autakao, na dunia itajua mara moja kwamba aimbaye ni Mtanzania.