Msikiti Una Mlango, Je, Una Baraza?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baina ya Alasiri na Magharibi, Nyeri)



Wazee wangu, mama zetu mlio upande wa pili wa pazia, vijana wenzangu, na wewe msomaji ambaye hukuwahi kufika siku ile, Ramadhan karim.

Mada niliyopewa ni "Kijana na Msikiti". Mada hii huletwa kila Ramadhan, na kila anayesimama hapa huwalaumu vijana: hawaji, wakija hawakai, wakikaa wanashika simu. Mimi kwa leo naomba ruhusa ya wazee nisiwalaumu vijana. Nataka tulitazame jengo lenyewe.

Tuanze na hesabu ya saa. Sisi huku tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua letu linazama takriban wakati ule ule mwaka mzima, saa kumi na mbili na nusu hivi. Alasiri tunamaliza saa kumi na kitu. Baina ya hapo na futari kuna masaa mawili, zidisha siku thelathini, unapata saa sitini katika Ramadhan moja. Kijana ameswali, amevaa viatu, ametoka. Anakaa wapi? Ndani anaambiwa asipige gumzo. Nje ni lami. Basi utamkuta steji ameegemea matatu, au kwenye kiti cha boda boda ya rafiki yake, na kamari siku hizi haihitaji hata nyumba, iko ndani ya simu. Halafu sisi tunauliza kwa nini steji imejaa na msikiti hauna mtu. Steji ina mahali pa kukaa! Ina mwenye karanga, ina habari, ina watu wanaokuuliza umeshindaje.

Wenzetu wa Pwani jambo hili walilimaliza zamani. Ukienda Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utaona nyumba za mawe zina benchi la kujengwa pembeni mwa mlango. Hilo ndilo baraza. Mgeni anakaa hapo bila kuingia ndani na bila kufukuzwa, mwenye nyumba anamtolea kahawa, na watu wa ndani wanabaki na sitara yao. Si ndani, si nje. Tazama vile neno lenyewe limesafiri: kutoka benchi la udongo na chokaa mpaka mkutano, kutoka mkutano mpaka Baraza la Mawaziri. Huku kwetu, ukitaja baraza, mtu wa Tetu anamwona chifu amesimama juani anakemea pombe haramu. Lakini asili yake ni kikalio.

Na msidhani ni mambo ya Pwani tu. Babu zetu waliopanda huku na misafara, askari na wapagazi na wafanyabiashara, pamoja na wenyeji waliosilimu wakaishi nao, ndio waliofanya miji yetu ikawa na mtaa unaoitwa Majengo: Nyeri, Nanyuki, Meru. Nyumba ya Majengo ya zamani ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mbele kibaraza chini ya mabati. Wahindi nao maduka yao waliyajenga na veranda mbele, na fundi cherehani akaweka mashine yake pale, na mpaka leo ukikamatwa na mvua mjini unajibanza chini ya veranda ya mtu usiyemjua na mnaanza kuongea. Wakikuyu kabla ya hao wote walikuwa na thingira, nyumba ya mzee ambamo vijana walikaa motoni wakafundishwa, na kiharo, uwanja wa kukutania. Kwa hiyo hakuna mtu katika mlima huu ambaye babu yake hakuwa na mahali pa kukaa na watu. Tulio nazo kuta tupu ni sisi.

Kuna ndugu watasema dini haitaki vijiwe. Tuitazame Sunna vizuri. Mtume (S.A.W.) aliwakataza sahaba kukaa njiani. Wakamwambia hawana budi, pale ndipo wanapozungumzia mambo yao. Hakuwafukuza. Aliwaambia, ikiwa hapana budi basi ipeni njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia na udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Mimi naisoma kama mtu anayejifunza kusoma majengo: haja ya watu kukaa pamoja ilikubaliwa, kisha ikawekewa adabu. Na Sayyidna Umar (R.A.), kama alivyopokea Imam Malik katika Muwatta, alipoona sauti zinapanda msikitini alitenga mahali kando ya msikiti, pakaitwa Butayha, akasema anayetaka kupiga soga, kusoma mashairi au kuinua sauti, aende pale. Hakusema nendeni makwenu. Aliwajengea! Hiyo ni fatwa ya ujenzi, ndugu zangu. Msikiti ni wa swala na biashara hairuhusiwi ndani yake, lakini pembeni yake pawe na pa kukaa.

Sasa tusikimbilie kunakili Lamu. Lamu watu wanakimbia jua. Sisi tunalitafuta. Ramadhan ya mwaka 2014 iliangukia karibu Julai yote, kile kipupwe cha gathano ambacho mlima hauonekani wiki nzima, na Ramadhan inazunguka, itarudi kule kule. Benchi la saruji lililo wazi Nyeri mwezi wa Julai halikaliwi hata na paka. Kwa hiyo baraza letu lihitaji mambo matatu ambayo la Lamu halikuyahitaji sana: paa pana linalozuia mvua ya upepo, mbao juu ya saruji ili baridi isipande mwilini, na jua la jioni.

Na hapa Allah ametupa zawadi ambayo wengi hatuioni. Kutoka Nyeri, kibla ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo tu. Maana yake msikiti wa huku ukisimama sawasawa, ukuta wa mihrabu unatazama kaskazini, na kuta za pembeni zinatazama mashariki na magharibi. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia Alasiri mpaka likazame Nyandarua. Ni saa zile zile sitini nilizohesabu! Ukuta ule unashika joto, na anayeuegemea anaotea jua mgongoni. Sasa nendeni mkatazame misikiti yetu, ukuta wa magharibi tumeweka nini. Mara nyingi ni matangi ya maji na vyoo.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza. Sisi Waislamu wa miji hii ya mlimani ni wachache, na wengi wetu tuna wajomba na shangazi Wakristo kule Othaya, Mathira, Mukurweini. Akifa Mwislamu, tunamzika haraka kama dini inavyotaka. Jamaa zake wanapigiwa simu alfajiri, wanateremka na matatu ya kwanza, wanafika msikitini. Wanaume wetu wanaingia kuswali. Wao wanabaki wapi? Barabarani. Nimewaona mama wazee na leso zao wamesimama kwenye mtaro, mvua inanyesha, mtoto wa dada yao yuko ndani kwenye jeneza, na hakuna hata mahali pa kuweka mkoba. Hakuna mtu aliyewafukuza. Hakuna pia aliyewakaribisha, kwa sababu jengo letu lina sehemu mbili tu: msikitini na barabarani. Mtume (S.A.W.) alipojiwa na ujumbe wa Thaqif kutoka Taif, kabla hawajasilimu, imepokewa kwamba aliwapigia hema katika msikiti wake. Sisi tunashindwa kumpa shangazi yetu benchi chini ya mabati?

Mama zetu wenyewe hawako mbali na hali hiyo. Mlango wao mara nyingi uko nyuma, unapita kwenye maji ya udhu, na baada ya tarawehe wanawasubiri waume zao gizani na watoto mgongoni. Taa moja, kijipaa na kikalio kwenye mlango wao si anasa.

Najua jibu la wazee: usalama. Baada ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, kila jengo Kenya liliongezewa ukuta, geti na askari wa kupekua. Sisemi ulinzi hautakiwi. Nasema ukuta hauoni. Wazee watano waliokaa barazani kuanzia Alasiri wanamjua kila mpita njia, na kijana anayeanza kupotoka wanamwona mwezi mzima kabla mama yake hajajua.

Jengo kuwa katikati ya mji hakulifanyi kuwa la watu. Nairobi, Msikiti wa Jamia uliokamilika mwaka 1933 unatazamana na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Maktaba ile ina ngazi pana na nguzo nzuri kweli, lakini mpaka mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika alipita chini ya zile ngazi miaka ishirini na saba. Na jengo linaweza kutubu pia, kama mtu. Ngome ya Lamu ilikuwa jela mpaka mwaka 1984, leo ni makumbusho na ina maktaba, na uwanja ulio mbele yake ndipo mji unapopunga upepo. Zanzibar, bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 2009, na usiku utawakuta wenyeji na wageni wote pale kwenye mishikaki. Hapa Nyeri tuna Whispers Park, yenye jina la safu ya marehemu Wahome Mutahi aliyefariki mwaka 2003. Mtu aliyekuwa akiwachekesha Wakenya wote kila Jumapili amepewa ukumbusho wa watu kukaa nyasini. Mimi naona ni ukumbusho unaofaa kuliko sanamu.

Turudi kwa letu. Katika mji mmoja wa huku mlimani, ambao sitautaja, kamati ya msikiti ina mpango wa kujenga maduka ya kukodisha upande wa barabara. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, na futi 50 ndizo za mbele. Ramani inaonyesha maduka matano, kila moja futi 10. Piga hesabu mwenyewe: tano mara kumi ni hamsini. Msikiti umefichwa wote! Mlango unahamia uchochoroni.

Nawaelewa wazee wale. Imamu anataka mshahara, madrasa inataka mwalimu, bili ya umeme haisamehi, na harambee zimewachosha watu. Pango la maduka ni wakfu, na wakfu ni Sunna. Ninaloomba ni duka moja. Yawe manne, na zile futi 10 za katikati zibaki wazi, ziezekwe paa, ziwe njia ya kuingilia yenye baraza huku na huku. Kikalio kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi, mzee aweze kuinuka bila kushikwa mkono. Kuwe na mteremko badala ya ngazi, wa kiti cha magurudumu na wa jeneza. Kuwe na bomba la maji ya kunywa linalotazama barabara, la kila mpita njia, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Waothmani mara nyingi waliuwekea msikiti mkubwa maji na jiko la maskini. Suleymaniye ya Istanbul, aliyoijenga Sinan baina ya 1550 na 1557, ilikuwa na hospitali na madrasa ubavuni.

Tunapoteza sehemu moja ya tano ya pango, sitawaficha. Itarudi yote? Pengine hairudi. Nyuma ya maduka pana nafasi ya ukumbi wa nikahi na mikutano, unaoweza kukodishwa hata na chama cha akina mama wa soko, na huo utaziba sehemu ya pengo. Kilichobaki ni bei ya baraza, na ni lazima tuamue kama tunailipa. Mimi nasema tuilipe. Shangazi aliyekaa mahali pakavu siku ya maziko ya mtoto wa dada yake, hesabu yake haiko kwenye daftari la pango.

Ramani bado haijapelekwa kaunti kuidhinishwa, na kamati imekubali kutusikiliza baada ya Idi. Kwa hiyo Jumapili baada ya Adhuhuri vijana tutakwenda kukipima kiwanja wenyewe, tuchore ramani ya maduka manne, na fundi mmoja mzee wa Majengo ameahidi kutukadiria mbao na mabati bila malipo. Tunahitaji futi ya kupimia ndefu, mtu anayejua kuchora, na mama wawili watatu wa kutuambia mlango wao uwe wapi, kwa sababu ramani ya kwanza haikuwauliza.